Mbona Nyumba Umeipunguza? Kweli na Uongo Kuhusu Lenzi ya 28 na ya 35

Mama mmoja wa mji wa Baraka aliniita nimpige picha mbele ya nyumba yake mpya. Alikuwa amekaa miaka mingi Nyarugusu, ile kambi ya wilaya ya Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, watu wa Fizi, Kongo, walipovuka ziwa Tanganyika kukimbia vita. Yeye alirudi. Mdogo wake alichukuliwa kutoka kambini akapelekwa Marekani. Picha ilikuwa ya huyo mdogo: aone ukuta wa matofali ya kuchoma, aone mabati, aone mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Mkobani nilikuwa na lenzi mbili, ya 28 na ya 35. Nikafunga ya 28 bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa nyumba ni kitu kikubwa na 28 ndiyo pana. Nikapiga. Mama akainamia kioo cha kamera, akatazama, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona nyumba umeipunguza?"

Nilikuwa nimeshapiga picha miaka kadhaa: harusi, ubatizo, kwaya, picha ndogo za vitambulisho. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno tunayoambiana sisi wapiga picha wa Baraka, Fizi, Mboko na Uvira kuhusu lenzi hizi mbili, nikiyapima moja moja kwa futi ya fundi na kwa kamera. Mengine ni kweli kabisa. Mengine yametugharimu fedha na wateja.

Kwanza namba yenyewe. Hizo 28 na 35 ni milimita: umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, lenzi inapolenga kitu cha mbali sana. Vitabu vinauita urefu wa fokasi. Sisi tunasema tu namba ya lenzi, na waliojifunza kazi kwa Kifaransa lenzi yenyewe wanaiita objektifu. Namba ikipungua, pembe ya kuona inapanuka. Kwenye kamera ya fulu freimu, yaani ile ambayo sensa yake ni milimita 36 kwa 24 kama fremu ya filamu ya zamani, lenzi ya 28 inaona nyuzi 65 kwa upana na ya 35 inaona nyuzi 54.

"Tofauti ni milimita saba tu, hazina maana."

Si kweli. Uzito wa milimita saba unategemea zinaongezwa wapi. Toka 200 uende 207, na hata mwenye jicho kali hataona kitu. Toka 28 uende 35, umeongeza robo nzima.

Nilipima kwa kwaya. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye mstari wa waimbaji, 28 inashika upana wa mita 3.86 na 35 inashika mita 3.09. Waimbaji waliosimama bega kwa bega huchukua kama nusu mita kila mmoja, kwa hiyo 28 inawabeba saba na 35 inawabeba sita. Mmoja anabaki nje, naye kashona sare kama wenzake. Ukihesabu eneo lote la picha, 28 inaona zaidi ya mara moja na nusu ya kile inachokiona 35 ikiwa mahali pale pale.

"Nyumba, kanisa, lango: kitu kikubwa kinataka lenzi pana."

Si kweli, na hapa ndipo lilipo jibu la yule mama.

Chukua futi tupime pamoja. Mama amesimama uani, nyumba iko mita 8 nyuma yake, na ukuta wa mbele una urefu wa mita 8. Nataka aonekane wote, kuanzia kilemba hadi miguuni. Kwa 35 ninasimama mita 3 kutoka kwake. Kwa 28 sharti nisogee hadi mita 2.4, la sivyo ataonekana mdogo. Katika picha zote mbili mama ana kimo kile kile. Sasa tazama nyumba. Kwa 28, kutoka pale niliposimama, nyumba iko mita 10.4 na inajaza asilimia 60 ya upana wa picha. Kwa 35 nyumba iko mita 11, mbali kidogo zaidi, lakini inajaza asilimia 71. Inaingia yote, na ni kubwa kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya 28.

Inashangaza mara ya kwanza, lakini sababu yake ni nyepesi. Nilipomkaribia mama kwa ajili ya 28, yeye alikua upesi kuliko nyumba, kwa kuwa sentimita 60 nilizopunguza ni moja ya tano ya umbali wetu, ila kwa nyumba iliyo nyuma kabisa ni kama si kitu. Kisha lenzi pana ikaingiza vitu ambavyo hakuna aliyeviomba: mchikichi wa jirani, kamba ya nguo, nusu ya choo. Lenzi pana inaongeza vitu katika picha, na kila kitu cha nyuma kinalipa kwa kupungua. Mama alikuwa ameiona nyumba aliyoijenga matofali kwa matofali ikisukumwa nyuma. Jicho lake lilikuwa sahihi, mimi nilikuwa nimekosea.

Kinachoamua ukubwa wa kitu kimoja mbele ya kingine ni mahali ulipoweka miguu. Lenzi yenyewe inaamua ukate wapi. Usiniamini kwa maneno: simama mahali pamoja bila kusogea, piga kwa 28, badilisha, piga kwa 35. Kisha ikate picha ya 28 kwa kompyuta hadi ilingane na ya 35. Nyumba, mama, mti, vyote vitakaa sawasawa, mstari kwa mstari. Nimelifanya jaribio hili mbele ya vijana watatu wanaojifunza kazi kwangu, na wote watatu walitaka kulirudia wenyewe kabla hawajakubali.

"Lenzi pana inanenepesha watu na kukuza pua."

Nusu kweli, kwa sababu hayo ni magonjwa mawili tofauti yanayopewa jina moja.

La pua ni ugonjwa wa umbali. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni kama sentimita 12. Ukimpiga mtu kutoka sentimita 50, pua iko 50 na sikio liko 62, kwa hiyo pua inakuzwa karibu robo zaidi ya sikio. Rudi hadi mita moja na nusu, na tofauti inashuka hadi asilimia 8. Rudi hadi mita 3, inabaki 4. Lenzi haikufanya lolote hapo, isipokuwa kwamba mwenye 28 hushawishika kusogea ili uso ujaze picha, na kusogea huko ndiko kunakoiharibu sura.

La kunenepesha ni ugonjwa wa pembeni, na huu ni wa lenzi kweli. Lenzi inayoonyesha kuta zikiwa zimenyooka hulipa gharama yake kwenye kingo za picha: kichwa cha mtu aliyesimama ukingoni kabisa hutanuliwa kwa upana. Kwa 28 kutanuka huko kunafika karibu asilimia 19. Kwa 35 ni kama 12. Kwenye picha ya harusi asilimia 19 inaonekana wazi. Shangazi mmoja wa bibi harusi alinirudishia picha yake kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimemweka mwisho wa mstari, kulia kabisa, na 28 ikampa mashavu na bega ambalo si lake. Aliona haya kusema, akasema, na nilimshukuru.

Tangu hapo sitoki na 28 kwenye picha ya familia bila kupanga watu kwanza. Wazee na mama watu wazima wanakaa katikati, jambo ambalo heshima inataka hata bila kamera. Vijana wembamba wanakwenda pembeni. Na pembeni kabisa, kushoto na kulia, ninaacha nafasi ya mtu mmoja bila mtu. Kwa 35 ninaweza kuwa mlegevu kidogo.

"Ziwa ni kubwa, kwa hiyo ziwa linataka 28."

Neno hili linapendwa sana, na sioni ukweli ndani yake. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Hakuna lenzi ya kulimaliza. Hata ukitazama kipande chetu tu, ile ghuba inayoitwa ya Burton, Baraka upande huu na rasi ya Ubwari upande ule, 28 inalifanya ziwa kuwa utepe mwembamba katikati ya mbingu na mchanga.

Fikiria mlima wenye kimo cha mita 500 juu ya maji, ulio kilomita 10 kutoka uliposimama. Kwa 28 utachukua kama asilimia 6 ya kimo cha picha. Kwa 35 utachukua kama 7. Zote mbili zinauacha chini ya kidole. Mwenye kuutaka mlima ule atafute lenzi ndefu, ya 85 au ya 135, ndipo Ubwari itasimama na ukoo wake wa vilima.

Kumbe hata macho ya msafiri yanaweza kudanganywa na umbali. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipopita hapa 1858 wakielekea Uvira, Burton aliiandika Ubwari kuwa kisiwa. Imeshikamana na nchi kavu, na mvuvi yeyote wa hapa angemwambia, lakini ukiitazama kutoka majini inaelea peke yake, na kinachoiunga na bara kimezama machoni kwa umbali.

Ila 28 ina kazi yake nzuri ufukweni, na ni kazi ya karibu. Weka pua ya mtumbwi mita 1.7 mbele yako, ule wa mbao uliopakwa lami kwenye maungio. Funga upenyo, yaani tundu la mwanga la lenzi, hadi 8, lenga kitu kilicho kama mita 3.3, na kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi milima ya mbali kinatoka wazi: msumari, kamba iliyolowa, maji, Ubwari. Kwa 35, katika upenyo ule ule, uwazi huo unaanzia kama mita 2.6, na pua ya mtumbwi itakuwa na ukungu. Asubuhi, jua likichomoza upande wa Ubwari na mbao zingali na umande, ile picha ya mtumbwi wa 28 naipenda kuliko picha zote za ziwa nilizowahi kupiga. Mtumbwi ndio unaolipa ziwa ukubwa wake.

"Lenzi iliyoandikwa 35 ni 35 kwenye kamera yoyote."

Si kweli, na uongo huu ulinigharimu.

Kamera nyingi zinazotufikia hapa, zilizotumika na kuuzwa tena, si fulu freimu. Ni za sensa ndogo, tunaziita za kropu. Sensa ndogo inakata kingo za picha. Kwenye Nikon, Sony na Fujifilm za aina hiyo unazidisha namba kwa 1.5, kwenye Canon kwa 1.6. Lenzi ya 35 ikifungwa kwenye Canon ya kropu inaona kama 56. Si pana tena hata kidogo.

Muuzaji mmoja aliniambia 35 ndiyo lenzi ya sherehe, nikamwamini, nikalipa dola nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kitu kingine. Wiki ile ile nilikuwa na kazi ya kupokelewa mahari. Sebule ilikuwa ndogo, familia mbili zimekaa zikitazamana, mgongo wangu umegusa ukuta, na watu wa karibu wako mita 3 mbele yangu. Nilitarajia mita 3 za upana. Nilipata mita 1.9: watu watatu badala ya sita. Kila picha ilikuwa na familia moja tu. Hakuna hata picha moja ambayo baba wa binti na baba wa kijana wako pamoja katika saa ile waliyopeana mikono. Wale wazee hawakunilaumu, na mmoja wao ameshafariki.

Basi kama kamera yako ni ya kropu, mwono wa 28 unaupata kwa lenzi ya 18, na mwono wa 35 kwa ya 22 au 23. Fujifilm walipotoa X100 mwaka 2011 waliifunga lenzi ya 23 kwa sababu hiyo hiyo, ili ione kama 35. Na hapa kuna habari njema: ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ambayo wengi wanaidharau, inazo zote mbili ndani yake. Kabla hujatoa fedha, bandika kipande cha plasta uizuie kwenye 18 na ufanye kazi hivyo wiki mbili. Kisha izuie kwenye 23, wiki mbili nyingine. Rudi nyumbani, zitazame picha ulizozipenda, uone zilitoka upande gani. Mwezi mmoja wa plasta utakushauri vizuri kuliko muuzaji.

"Nunua 28, ya 35 utaipata kwa kukata picha."

Kwa hesabu ni kweli. Ukikata 28 ipate mwono wa 35 unabaki na asilimia 64 ya picha. Kamera ya megapikseli 24 inakuachia 15. Picha ya kuchapwa ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo inayonunuliwa hapa, inataka 2 tu; ukurasa wa A4 unataka kama 9. Leica Q ya 2015 ina lenzi moja ya 28 isiyotoka, na kitufe cha kukata hadi 35 au 50, na watu waliilipia fedha nyingi.

Kinachonifanya nisite si pikseli. Mtu anayetazama kupitia 28 hupanga kwa 28. Anasogea. Akishasogea, mama amekuwa mkubwa na nyumba imepungua, na kukata hakutamrudisha nyuma. Faida ya kukata anaipata yule tu anayekumbuka kusimama mahali pa 35 wakati kioo kinamwonyesha 28, na katika fujo ya harusi, ngoma zikilia na watoto wakipita miguuni, sijamwona anayekumbuka. Na njia ya kinyume haipo: 35 haigeuki kuwa 28 kwa kompyuta. Kisichoingia hakikuingia.

"Ndani ya nyumba na ndani ya boti, 35 haitoshi."

Kweli. Huwezi kurudi nyuma kupita ukuta, wala kupita ubavu wa boti la abiria lililojaa magunia na mafuta ya mawese. Hapo 28, bila mjadala, na tahadhari ya wale wa pembeni.

"Usiku 28 ni bora kwa sababu haitikisiki."

Kuna punje ya ukweli humo, ndogo sana. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue moja gawanya kwa namba ya lenzi: sehemu ya 28 ya sekunde, au sehemu ya 35. Tofauti hiyo ni theluthi ya hatua ya mwanga. Upenyo unaipita mbali: lenzi inayofunguka hadi 2 inaingiza mwanga mara mbili ya ile inayoishia 2.8. Wavuvi wetu hutoka usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa ndiyo inayoita ndakala, wale dagaa wa ziwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni balbu za LED na betri. Ukienda nao, mtumbwi unayumba, mikono inavuta nyavu, na kila kitu kinatembea. 35 yenye upenyo wa 2 itakupa uso wa mvuvi pale ambapo 28 yenye 2.8 itakupa kivuli. Tazama namba zote mbili zilizoandikwa kwenye lenzi kabla ya kulipa.

"Mpiga picha hodari ni yule anayesogea karibu, kwa hiyo 28."

Neno hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lina ukweli mwingi na limetumika vibaya sana katika nchi yetu.

Kumpiga mtu kutoka kiunoni hadi kilemba, kamera ikiwa imelala, 28 inataka usimame mita 1.2. Kwa 35 ni mita moja na nusu. Sentimita 30 zinaonekana hazina neno. Nenda ufukweni Baraka asubuhi, mitumbwi inapoingia, mama wamesimama na mabeseni wakingoja ndakala na mikebuka, kisha uzihisi mwenyewe. Kwa mita 1.2 umefika mahali pa kupeana mkono. Mama lazima akujibu: akusalimie, akugeukie, au akugeuzie mgongo. Kwa mita moja na nusu uko mahali pa kuzungumza, na anaweza kuendelea na bei yake huku anajua upo.

Fizi imepigwa picha na watu wengi wasioijua. Foleni za kugawiwa chakula, watu walioshuka kwenye meli kutoka Kigoma kuanzia 2005 walipoanza kurudishwa, wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015. Nimeziona picha nyingi za namna hiyo ambamo lenzi pana ilisukumwa hadi usoni pa mtu ambaye hakusalimiwa. Utazijua kwa mkono: mkono wa mtoto uko mbele, mkubwa kuliko kichwa chake, na macho yanauliza huyu ni nani. Ukaribu ule haukuwa umepewa. Uliibwa kwa lenzi.

Sisemi 28 ni lenzi ya dharau. Katika mikono ya mtu aliyekaa, akala bugali na watu wa nyumba, akajua jina la mtoto, 28 inatoa picha za ndani kabisa ambazo 35 haiwezi, kwa kuwa mtazamaji naye anajikuta amekaa mkekani. Ila 28 inadai salamu kwanza, na salamu za kwetu ni ndefu: za usiku, za watoto, za mgonjwa, za shambani. Anayekuja kwa saa moja na gari linamngoja, namshauri avae 35 na asimame hatua moja nyuma.

Vijana huniuliza: nikiwa na fedha ya moja, ninunue ipi? Nawajibu 35, au 23 kwa wenye kropu, na sababu yangu ni simu. Kamera kuu ya simu nyingi za siku hizi inaona kati ya 24 na 28. Mteja wako ana mwono huo mfukoni mwake, wajomba zake wanao, watoto wanao. Harusi nzima imeshapigwa kwa 26 kabla hujafungua mkoba. Ukija na 28 unawaletea walichonacho, ingawa kwa ubora zaidi. Ukija na 35 unawaletea watu walionyooka, na nyuma yao kitu walichokijenga, kikiwa na ukubwa wake. Na chumba kikikubana, simu yako mwenyewe itakuokoa kwa picha ile moja. Mpiga picha wa majengo, au mwenye kazi ya ndani ya boti kila siku, asinisikilize. Ya kwake ni 28.

Yule mama nilirudi kwake siku ya tatu, nikiwa na 35. Safari hii aliniongoza yeye. Alisimama palepale uani, akaniangalia ninavyopima, akaninyooshea mkono: "Rudi, mwanangu. Rudi tena. Bati la huku limeonekana?" Nikarudi hadi mgongo wangu ukagusa mchikichi. Bati likaonekana lote, mlango wa bluu ukakaa begani kwake, na kilemba chake hakikukatwa. Aliituma picha usiku ule mtandao ulipotulia. Jibu kutoka Marekani lilikuja kwa sauti, dakika nne nzima, na akaniita niisikilize naye. Mdogo wake alikuwa anahesabu matofali ya kizingiti, na anataka kujua ni fundi gani wa Baraka aliyeutengeneza mlango ule.